Neno Ambalo Mama Hakulirudisha

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, na rangi yake ilikuwa imebanduka miaka mingi kabla mama hajafa. Nilipofungua kifuniko, harufu ya hamira ilinipanda puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko lake. Kilio cha matanga kilikuwa kimekwisha wiki iliyotangulia. Wadogo zangu walikuwa wakigawana vitenge na sufuria, na mimi nilipoomba kopo walinicheka. Ndani yake, chini ya paketi mbili za hamira, palikuwa na kadi ngumu yenye madoa ya mafuta. Kabla sijaigeuza nilijua imeandikwa nini.

Wenzangu mliokulia Likasi, mji wetu wa migodi Kongo, mkiwa na baba kiwandani, mnazikumbuka kadi zile. Tuliziita fishi. Katika bohari, ambayo sote tuliita magasini, kila kitu kilikuwa na fishi yake: jina lake, kazi yake, kilikotoka, na chini kabisa mistari miwili, mmoja wa kutoka na mmoja wa kurudi. Baba yangu alikuwa mtunza magasini, na alikuwa hivyo hata akiwa amevua viatu. Nyumbani kwetu Kikula kijiko kilikuwa na msumari wake, na ole wako ukikitundika kwenye msumari wa mwiko. Sheria yake kubwa ilikuwa maneno mawili tu: kilichotoka hakipo. Fundi angeweza kulalamika dirishani kwake, angeweza kuapa kwamba jana ameiona spana ile rafuni kwa macho yake mwenyewe, lakini kama imetoka na imesainiwa, basi haipo, angoje irudi. Tuliisikia sheria hiyo mezani kama watoto wengine wanavyosikia Zaburi.

Kisha kiwanda kikalala. Hakuna aliyetangaza kitu. Moshi ulipungua, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine, na baba akawa analinda rafu ambazo hakuna mtu aliyekuja kuziulizia. Mama hakungoja kuambiwa. Alijengesha tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akaanza kuoka mikate ya kuuza. Tuliamka kwa harufu ya hamira na kulala na unga kwenye nywele.

Siku moja baba alikuja na katoni ya fishi tupu, ambazo alisema zitaoza bure, na kamusi nene ya Kiingereza na Kifaransa iliyoachwa na injinia mmoja aliyerudi kwao. Mchwa walikuwa wameila kurasa za mwanzo zote, hata ikawa inaanzia herufi C. Kwa hiyo sisi ni familia iliyojifunza Kiingereza kuanzia C. Jambo lililomfurahisha baba ni kwamba kamusi ile haikusema maana ya neno tu, ilisema pia limetoka wapi. Alipiga goti lake akacheka. "Ule aliandika hii kitabu," alimwambia mama, "alikuwa muntu wa magasini!"

Akaanza kulitengenezea kila neno fishi yake na kuzipanga kwenye sanduku la mbao. Kila asubuhi kabla ya shule alitukopesha neno moja moja. Tulisaini kwenye mstari wa kutoka, tukalibeba mfukoni, na jioni tulieleza tumelifanyia kazi gani ndipo tukasaini kwenye mstari wa kurudi. Nilipochukua "window", baba alinisomea kwamba watu wa kaskazini, ambako Waingereza walilichukua, waliliita jicho la upepo. Siku ile nilifungua dirisha letu tangu asubuhi ili upepo uone vizuri, vumbi lote la kiwanda likaja kukaa juu ya mikate, na mama akanifukuza kwa mwiko hadi kisimani.

Mengine yalitugusa karibu zaidi. Shaba, kwa Kiingereza "copper", jina lake lilitoka kwenye kisiwa cha Kipro, kile alikopita mtume Paulo. Baba alikasirika kweli kweli. Shaba yote hii, alisema, na hawakuona mji mwingine wa kuiitia? Na "cobalt" jina lake ni la pepo mbaya. Wachimbaji wa Ujerumani wa zamani walipotafuta fedha wakapata jiwe lile lililowauguza kifua, walisema pepo wa mgodini amewabadilishia. Mjomba aliyechimba upande wa Kakanda alipoambiwa habari hiyo hakucheka. Alisema tu kwamba Wajerumani wale walikuwa wameona vizuri.

Mimi mstari wa kilikotoka ulinitia wasiwasi. Sisi ni watu wa Kasai, jimbo la mbali. Babu aliletwa na kazi ya mgodi, baba alizaliwa Likasi, mimi nilizaliwa Likasi, na Kasai nilikuwa sijaiona hata kwenye picha ya kalenda. Hata hivyo msichana yeyote kwenye foleni ya maji angeweza kuniambia, weye haiko wa hapa. Basi siku niliyokopeshwa "sugar" na kusikia kwamba neno hilo lilizaliwa Uhindi, likapita kwa Waarabu, tawi moja likaenda Ulaya na jingine likaja kwetu kuwa sukari, niliuliza kwa sauti ndogo kama sukari nayo siku moja itarudishwa kwao.

Baba alisogeza kikombe chake. "Sukari irudishwe? Na chai yangu nitakunywa na nini?" Kisha akaweka kidole chake kinene juu ya kadi. "Ngalula, ule mustari wa kwenye ilitoka, banauandika ili tujue namna ya kuishukuru. Ile ya kuangalia sana ni huu hapa, wa kazi yake." Nilikunywa chai ile polepole, na jioni nikairudisha "sugar" sandukuni nikiwa nimetulia.

Mchezo ukavuka ua. Papa Fundi, mshoni jirani yetu, alikuja kuomba neno la kazi yake akapewa "cotton". Kaku Mbombo, mjane mzee wa nyumba ya kona, alipewa "goodbye" wiki ile mwanawe alipovuka kwenda Zambia. Ya Kabwe, yaani kaka Kabwe, dereva wa lori la Kasumbalesa mpakani, kijana wa maneno mengi, alipata "companion". Na mama, ambaye hakujua kusoma, alipewa "lady". Kwa majirani baba hakudai kurudisha jioni. Waliziweka fishi zao ukutani, na alifurahi kuziona kila alipopita.

Sasa, mwishoni mwa likizo ndefu, habari ilifika. Kampuni ya wageni ilikuwa imechukua sehemu ya kiwanda na ilitaka mtunza magasini anayejua vitu kwa majina ya Kiingereza. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Jumatatu ile, nikiwa nyuma ya tanuri napepea makaa, nilimsikia baba akizungumza na mama upande wa pili.

"Nikikosa hii kazi, Ngalula ataenda kwa Tantine Kapinga, Mbuji-Mayi," alisema. "Kule atasoma. Hapa tutamulisha na nini?"

Nilisikia viganja vya mama vikipiga unga, pa, pa, pa, na baba akaondoka. Mimi nilibaki na pepeo mkononi. Tantine Kapinga, dada yake baba aliyeishi Kasai, nilimjua kwa picha moja tu, mwanamke aliyesimama wima kando ya ua la plastiki. Nilikuwa na miaka tisa na sikutaka kwenda kulala kwenye picha.

Nikakimbilia sandukuni. Kama baba angepita mtihani, ningebaki. Na ili apite, alihitaji maneno yake yote. Nilifungua, nikaona mapengo. Palipokuwa na "companion" palikuwa na upenyo tu, "cotton" haikuwepo, "lady" haikuwepo. Watu wengine wangecheka, lakini mimi nilikuwa binti wa magasini na nilijua sheria: kilichotoka hakipo. Baba alikuwa amewakopesha majirani maneno, na Ijumaa mgeni atakapomuuliza lolote kati ya hayo, atafungua kinywa na kukuta rafu tupu. Niliona kosa hilo wazi kabisa, na nikashangaa mtu makini kama yeye ameliachaje. Jumanne asubuhi nilichukua kitunga cha mikate nikatoka kuyakusanya.

Papa Fundi alikuwa na pini midomoni. Nilimweleza kwamba baba anahitaji neno lake mpaka Ijumaa. Alizitoa pini moja moja, akainuka, akaing'oa kadi ukutani na kuipangusa kwa kipande cha kitambaa.

"Mwambie papa yako nimelitumikisha vizuri," alisema. "Minye nilizania hii neno ni ya Bazungu. Kumbe nayo ilitoka kwa Baarabu, ikatembea, ikatembea, mpaka ku mashine yangu."

Kwa Kaku Mbombo haikuwa rahisi. Kadi yake ilikuwa chini ya mto. Baba alikuwa amemwandikia kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwamba wale wanaoagana kwa neno hili walianza kwa kusema Mungu awe nawe, wakalifupisha kwa haraka zao. Alinipa kadi, akaishika tena, akanipa. Aliniambia kwamba kila jioni humwambia mwanawe neno lile kwa kuelekea upande wa Zambia, na kwamba jioni tatu hizi atajaribu kulisema bila karatasi. Niliona aibu, lakini niliitia kitungani. Ijumaa ilikuwa Ijumaa.

Ya Kabwe alikuwa amelala chini ya lori lake, miguu tu nje. "Companion?" alisema kutoka kule chini. "Ule wa kukula naye mukate? Iko pale mbele, kwa kioo. Beba." Kisha akatoka, uso mweusi kwa grisi, akauliza ni kwa nini. Nilimweleza mambo yote, hadi kamusi inayoanzia C. Aliacha kujipangusa grisi. "Kuanzia C? Na B?"

"B mchwa walikula," nilisema.

"Mama yangu! Mtoto, magasini yote iko mu B!" Alipanda kwenye lori na kuanza kutupa chini maboksi matupu ya vipuri alivyovinunua Zambia. Alinionyesha herufi kwa kidole kichafu: huu ukanda wa mashine ni "belt", hii bulo, ile ya kufungia nati, ni "bolt", hii rulema, ile ya vigololi inayofanya gurudumu lizunguke, ni "bearing". Aliyabana maboksi yakawa bapa, akanijazia kitunga. "Papa yako alinipatia moja," alisema. "Minye namurudishia na batoto yake."

Nyumbani kulibaki neno moja. Mama alikuwa amezama mikono kwenye beseni la unga, na kadi yake ilikuwa imeegemea kopo la hamira juu ya rafu. Nilinyoosha mkono.

"Acha," alisema.

"Mama, ni neno ya papa. Iko na mtihani."

"Aende na yake. Hii haitoke."

"Atakosa! Atakosa, na minye mutanituma kwa Tantine!"

Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, na kitunga kimeanguka. Mama alisimama akiniangalia. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo, na mikono yake ilikuwa na unga. Alikuwa hajui kwamba nimesikia. Aliangalia kadi, akaniangalia, kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake: aliacha unga ukiwa katikati ya kukandwa. Alinawa, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda mjini. Hakurudi hadi jua lilipopinda. Unga uliumuka ukapita ukingo wa beseni, ukaanguka, ukachacha. Mikate ya siku ile ilikuwa michachu na watu walilalamika. Mimi nilijua sababu, au nilidhani naijua: mama alikuwa amenikasirikia, na hasira imeingia kwenye mikate. Kwa ajili ya neno moja tu, nilijiambia, amekubali niende Mbuji-Mayi.

Jioni, wakati bado kuna mwanga, baba alikuta kitunga mlangoni. Nilimkabidhi kadi moja moja kama tulivyofundishwa, nikamwonyesha mstari wa kurudi. Alipoelewa nilichofanya alianza kucheka, akacheka hadi akavua miwani, na ilipotoka ile miwani nikaona kwamba hakuwa anacheka tena. Alinikalisha kwenye goti.

"Spana ikitoka, haiko," alisema. "Lakini neno, Ngalula? Nilimupatia Papa Fundi 'cotton'. Sasa yeye iko nayo, na minye ningali nayo. Uliona wapi magasini ya namna hii?" Kisha macho yake yakaangukia kwenye maboksi bapa, na mtunza magasini akarudi. "Hii ni nini? Bea... ring. Ngoja. Leta fishi. Leta kalamu!"

Kuanzia siku ile hadi Alhamisi mimi ndiye niliyekuwa mtahini. Nilikaa kwenye kiti chake nikiinua boksi baada ya boksi, naye akisimama mbele yangu mikono nyuma. Alipokosa nilimwambia arudi kwenye mstari, na alirudi.

Ijumaa alivaa shati ambalo Papa Fundi alilibana mabega bure. Kaku Mbombo alisimama kwenye kona akamwambia neno lake, bila karatasi, kwa sauti iliyofika hadi barabara ya pili. Baba aliporudi saa kumi, alikaa kwanza, akaomba maji. Mgeni, alisema, alimletea sanduku la vitu mchanganyiko, na cha kwanza alichokitoa kilikuwa rulema. Mengine aliyakosa, mengi. Lakini mwishoni mgeni aliuliza kama ana swali, na baba akamuuliza kama anajua jina la "cobalt", hilo analolifuata kutoka mbali hivi, ni jina la nani. Mgeni hakujua. Baba akamweleza habari za pepo. Mtu yule alicheka, akaita wenzake, akamwambia baba asimulie tena. Hakupewa ukubwa; ukubwa alipewa kijana mmoja mwenye diploma, na baba akawa msaidizi wake hadi alipostaafu. Ilitosha. Mwezi wa tisa nilivaa viatu vipya na kwenda shule ileile, kwenye foleni ileile ya maji, na msichana mmoja aliponiambia tena weye haiko wa hapa, nilimjibu kwamba hata sukari haiko ya hapa, na aache kuitia kwenye chai. Jumamosi baada ya mtihani nilikuwa nimepita tena nyumba kwa nyumba na kitunga changu, nikimrudishia kila mtu neno lake.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia hadithi hii miaka yote. Nimeisimulia kwa wanangu, nimeisimulia ofisini ninakotafsiri karatasi za usalama za mgodi, kazi ambayo nisingekuwa nayo bila sanduku lile. Katika hadithi yangu baba na majirani ndio walionibakiza Likasi, na mama yumo pembeni, mkaidi, na mikate yake iliyochacha. Nilimpenda, lakini hivyo ndivyo nilivyomweka.

Kisha kwenye kilio akaja Tantine Kapinga kutoka Mbuji-Mayi, mzee sana sasa, kwa basi la siku tatu. Siku ya mwisho, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, nilimsimulia habari ya mtihani ili kumchangamsha. Alitikisa kichwa.

"Hapana, mwana. Weye haukukuwa wa kuja," alisema. "Nilikuwa nimekutandikia kitanda. Nilinunua hata blanketi. Njo mama yako akanitumia habari, kwa simu ya pale stesheni, ile ya kupiga kelele. Ilikuwa kabla ya papa yako kwenda ku mtihani. Siku ine, tatu kabla."

"Alisema nini?"

"Mama yako alikuwa na maneno? Alisema: Kitanda ya mutoto, patia mwingine. Ngalula haende. Kazi ikuwe, isikuwe, mukate iko."

Nilihesabu siku kichwani mara mbili. Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumanne ya unga uliochacha.

Kwa hiyo wiki iliyofuata, kwenye sakafu ya jiko, niliigeuza kadi. Mwandiko wa baba ulikuwa bado wazi chini ya mafuta. *Jina: Lady. Kazi yake: mke wa heshima, mwenye nyumba. Ilikotoka: kwa Waingereza wa kale, nao kwa neno hili walimaanisha mwanamke anayekanda mkate.* Mstari wa kutoka ulikuwa na alama ya msalaba, sahihi ya mama. Mstari wa kurudi ulikuwa mtupu.

Niliisema asante yangu palepale, kwa sauti, kwenye jiko lisilo na mtu. Asante mama. Imechelewa miaka mingi, lakini iko. Kisha nikairudisha kadi koponi bila kuandika kitu kwenye mstari ule, nikachukua beseni lake, nikaanza kupima unga.